Kiti cha Injinia

Kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Jambo dogo, na Sikio hakuwa mtu wa kushtushwa na mambo madogo. Jumatatu ile asubuhi alifungua mlango wa gari la mteja wake, Mpima, akaweka kiganja kwenye kiti ili ajivute juu, akahisi joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akatazama huku na huku. Geti lilikuwa bado na kufuli kwa ndani. Gari lilikuwa limelala pale uani tangu Jumamosi, na jua halijaupanda hata ukuta. Akajisemea, "Labda paka," akaendelea na kazi. Paka gani huyo anayepasha joto kiti kizima, hakujiuliza. Binadamu tunapenda sana kumsingizia paka.

Jina la Sikio walimpa mafundi wenzake, kwa sababu alikuwa akiujua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza. Walisema gari likikohoa mtaa wa pili, yeye anajua lilikula nini jana. Gereji yake ilikuwa ua wa mchanga ulioshiba oili, bati upande mmoja, na nyuma ya bati vyumba viwili alivyoishi na mkewe. Huyo mke ndiye aliyekuwa mkono wake wa pili. Sikio alimwita Injinia, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea, mwisho wateja nao wakasahau kwamba alikuwa na jina jingine.

Ugonjwa wa usukani hauonekani mtu akiwa peke yake. Lazima mmoja akae juu auzungushe usukani kidogo kidogo, na mwingine alale chini aangalie ni chuma kipi kinacheza. Kwa miaka kumi na moja Injinia alikaa juu na Sikio akalala chini. Na kwa kuwa Sikio hakupenda kupiga kelele chini ya gari, maana ukifungua mdomo tu udongo unaingia, walitengeneza lugha yao. Aligonga chasisi kwa spana. Pigo moja, kushoto. Mapigo mawili, kulia. Matatu, simama, usitikise hata unywele. Kisha angetoa kichwa nje na kusema maneno yale yale kila siku: "Ahsante, mke wangu. Nenda nyumbani ukapumzike." Nyumbani penyewe palikuwa hatua nane kutoka hapo, na pumziko lenyewe hakuna aliyewahi kuliona. Injinia naye angejibu, "Nimefika tayari," akachukua ufagio.

Sasa kiti hicho kilikuwa wazi. Injinia alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka mwezi wa nne. Ya pili ilitoka mwezi wa tano, na baada ya hiyo alikaa wiki tatu bila kusema neno, hata la kuomba chumvi. Hii ya tatu ilikuwa imefika mahali ambapo wao hawakuwahi kufika, na nesi wa kliniki alisema wazi: asibebe kizito, asipandepande magari marefu. Sikio akampiga marufuku kabisa.

"Tumbo litafika kwenye usukani kabla ya mikono," alimtania.

Lakini usiku alilala akihesabu siku. Dunia yote ilikuwa imepungua ikawa jambo moja tu: mtoto huyu atoke, na atoke akilia.

Gari la Mpima lilikuwa la zamani, la kupandia milima, refu kiasi kwamba kuingia ndani ilibidi ujivute. Mwenyewe alikuwa mpima ardhi, mzee mkavu mwenye saa kubwa mkononi, aliyezoea kulala porini na vigingi vyake. Alieleza shida akiwa amekunja uso. "Nikifika mwendo wa sitini, nikakanyaga hata kokoto, usukani unaninyang'anya mikono. Gari zima mbele linatetemeka mpaka nisimame kabisa. Fundi, hili gari litaniua." Mafundi wawili walikwishalishika. Kila mmoja alibadilisha kile alichokijua yeye, akamrudishia ugonjwa wake.

Sikio hakuwa na haraka. Alianza na matairi. Yalikuwa na upepo sawa na hayakuwa yameliwa upande. Akainua gari kwa jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa: beringi nzima. Akashika pembeni akalitikisa tena: viungo vya usukani vizima. Ukiondoa vyote hivyo, zinabaki bushi. Bushi ni ule mpira mnene unaokaa ndani ya tundu, kati ya chuma na chuma, ili vyuma visigombane. Mpira ukichoka, vyuma vinaanza kusemana, na ugomvi wao unaishia mikononi mwa dereva.

Akashusha gari likakaa kwa miguu yake, akajilaza, akateleza chini. Na hapo, mawazo yakiwa kwenye bushi na mkono ukiwa na mazoea yake ya miaka kumi na moja, akagonga chasisi mara moja.

Ngo.

Usukani ukazunguka kushoto.

Alikuwa na macho kwenye ufito wa chuma unaoishika ekseli isiyumbe. Akauona ukicheza ndani ya bushi, upana wa kidole kizima, kabla gurudumu halijageuka. Akafurahi. Akagonga mawili. Usukani ukazunguka kulia, polepole, kwa ulaini, ingawa usukani wa gari lile injini ikiwa imezimwa hata mwanamume anaugeuza kwa mabega. Ufito ukacheza tena. Ugonjwa umepatikana. Akagonga matatu, na kila kitu kikatulia.

"Ahsante, lakini si nilikukataza wewe?" alisema akijitoa chini. "Nesi akisikia atanifunga mimi."

Hakuna aliyejibu. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa. Kwenye kiti hapakuwa na mtu.

Wakati huo huo geti likalia, na Injinia akaingia kutoka barabarani na kikapu cha nyanya, akihema, mkono kiunoni. "Unaongea na nani, baba?" akauliza.

Sikio alimwangalia mkewe, akaangalia kiti. Ndani ya gari mlikuwa na harufu ambayo haikuwa ya oili wala ya ngozi kuukuu. Harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Na gari," akasema. "Limekubali kosa."

Injinia akacheka, akaingia ndani na nyanya zake. Sikio akaosha mikono, akaiosha tena. Hakumwambia. Alijiambia kwamba mwanamke mwenye mimba hapewi hofu, na kwa kweli alikuwa anajificha yeye mwenyewe nyuma ya tumbo la mkewe.

Siku mbili baadaye bushi mpya zilikuwa ndani. Alizikandamiza mwenyewe kwenye jiriwa, akazipaka sabuni ziteleze, akakaza nati gari likiwa chini kama inavyotakiwa, maana ukizikaza gari likiwa hewani mpira unajikunja na kufa mapema. Siku zote hizo mbili hakugonga kitu. Mpima akaja, wakaenda barabarani kulijaribu, Sikio akiendesha.

Kwenye lami gari lilikuwa tulivu. Hamsini. Sitini. Sabini. Mpima akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Fundi, wewe ni fundi," akasema. Wakafika mahali barabara inapotengenezwa, lami ikaisha, wakaingia kwenye kokoto. Kokoto moja ikaruka, ikagonga chasisi.

Ngo.

Usukani ukaenda kushoto, bila kutetemeka wala kuruka, ila kwa ulaini ule ule, kama mtu mpole amekuondolea mikono ili akusaidie, na Sikio alipojaribu kuurudisha akakuta kuna anayeushika pamoja naye, mwenye nguvu kuliko yeye na asiye na haraka, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi kokoto mbili zikagonga, ngo, ngo, na usukani ukaenda kulia, gari likavuka barabara nzima, Mpima akapiga kelele, mtaro ukaja karibu, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa mpaka kooni, kisha chini yao, moja baada ya nyingine, zikagonga tatu.

Gari likasimama.

Halikupiga breki. Lilisimama tu, injini ikafa, taa za dashibodi zikafa, gurudumu la mbele likiwa shibiri moja kutoka mtaroni. Mpima alikuwa anaitazama saa yake. Mkono wa sekunde ulikuwa umesimama.

"Hii saa haijawahi kusimama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeivaa miaka ishirini."

"Mzee," Sikio akasema, "kuna kitu hukuniambia."

Mpima akafungua mlango, akashuka taratibu, akasimama mbali na gari kama mtu anayemwachia njia mwingine. "Kiti," alisema. "Kila asubuhi nilikikuta cha moto. Tangu nilipolaza gari wiki mbili kule kwenye nyumba zilizobomolewa, tulipokwenda kupima. Nilidhani ni uzee wangu." Akaitazama saa yake tena. "Lakini usukani ulikuwa ukitetemeka tu, fundi. Haukuwa ukitii."

Hakupanda tena. Hata funguo alikataa kuzigusa. Sikio alilirudisha gari peke yake, gia ya kwanza, madirisha wazi, akizunguka kila kokoto kama mtu anayekwepa mayai.

Alipofika alifungua ile bushi mpya. Spana ikamponyoka mara mbili. Mpira ulikuwa umetafunwa. Hakuna fundi duniani ambaye hajaona mpira ulioliwa na chuma. Huliwa upande mmoja, huchanika, hung'aa. Huu ulikuwa na alama ndogo ndogo kuzunguka ukingo wote, mbili mbili, zimekaribiana. Alizitazama muda mrefu kabla hajakubali kile anachokiona. Zilikuwa alama za meno mawili ya chini, yale ya kwanza kabisa, ambayo mtoto huyatoa akaanza kung'ata kila anachopewa.

Injinia alimkuta amekaa mchangani, bushi mkononi.

"Umepauka," alisema. "Sema."

Akasema. Alisema yote, tangu kiti mpaka mtaro. Injinia alimsikiliza akiwa amesimama, mikono yote miwili juu ya tumbo, na alipomaliza hakulia. Alikasirika.

"Kwa hiyo siku ile ulisema unaongea na gari."

"Sikutaka kukutia hofu."

"Hofu? Mimi hofu ninayo miezi saba, wewe ulikuwa unaninyima nini? Nasikia harufu ya maziwa chumbani tangu juzi, nikadhani ni mimi, nikadhani maziwa yameanza kutoka kabla ya wakati, nikaogopa kukuambia kwa sababu..." Akakaa mchangani karibu naye. "Kwa sababu ile ya pili ilianza hivyo hivyo."

Sikio akamshika mkono. Walikaa hapo, kila mmoja na siri yake iliyokwisha kuchacha, na wote wawili wakaona aibu.

"Mwite Shangazi," akasema Injinia.

Shangazi yake Injinia alikuja kesho yake kabla ya adhuhuri, mama mfupi wa miaka sabini, miwani imeshikwa na mpira wa kufungia pesa, mkoba umejaa karatasi na chupa. Watu walimwita kwa mambo haya, na yeye alikwenda huku akinung'unika, kama fundi wa mabomba aliyeamshwa siku ya mapumziko.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mkwe. Nimesikia umeajiri mtu bila kumuuliza jina."

Naye alikuwa fundi wa aina yake, Sikio aliliona hilo mara moja. Hakurukia dawa. Aliuliza swali moja, akaondoa jambo moja, akauliza jingine. Gari limeua mtu? Hapana. Kuna mnyama aliyegongwa? Hapana. Lililala wapi? Nyumba zilizobomolewa. Kisha akainamisha kichwa akaweka sikio lake kwenye kiti cha dereva, akasikiliza.

"Ni jini wa kike," alisema. "Na hana nyumba. Walipobomoa zile nyumba, watu walipewa notisi, yeye hakupewa. Amekaa kwenye gari la watu kama mpita njia, hana neno na mtu. Halafu wewe ukagonga. Uligonga mahali ambapo ulijua hakuna mtu, mkwe?"

"Nilisahau, Shangazi. Mkono ulizoea."

"Ndiyo. Na yeye akaitika. Umempa kazi ya mkeo, kwenye kiti cha mkeo, kwa lugha ya mkeo. Asiye na mahali akipewa mahali hatoki kwa kufukuzwa." Akarekebisha miwani. "Ataachishwa kama alivyoajiriwa. Utalala pale pale, utagonga matatu. Mimi nitasoma, nitamwonyesha njia ya kurudi. Wewe ukishagonga, funga mdomo. Umenisikia? Usimwambie neno. Huyu ni mtii. Neno lolote utakalotamka, kwake ni agizo."

"Na mimi?" aliuliza Injinia.

"Wewe nyumbani, mlango umefungwa. Kalale. Usije ukachungulia kama mtoto."

Milango minne ya gari ikafunguliwa. Geti likafunguliwa wazi mpaka barabarani. Jua lilikuwa utosini, mchanga unachoma, na ule ua uliokuwa na kelele siku zote ulikuwa kimya. Hata kuku wa jirani walikuwa wamehama ukutani. Sikio akajilaza, akateleza chini. Aliona miguu ya Shangazi ikizunguka gari, akasikia kisomo kikianza, cha chini, cha haraka, na juu yake, kupitia sakafu ya gari, akasikia kiti kikilia kidogo, springi za ndani zikibonyea, mtu akijiweka sawa tayari kwa kazi.

Akagonga mara moja, na usukani ukaanza kwenda kushoto kabla hajainua spana, kwa utii ule ule. Akagonga la pili, ukageuka kulia, na harufu ikashuka kutoka juu ikamwagika usoni mwake kama maziwa kweli, ikamwingia puani, mdomoni, akataka kukohoa akajizuia, mkono ukawa mzito, spana ikawa nzito kuliko gari, na kutoka juu, karibu sana, karibu kuliko unene wa bati, akasikia mtu akipumua kwa kungoja, pumzi fupi za mtu anayetaka kufanya vizuri, na kisomo cha Shangazi kikapanda, na yeye akafumba macho, akamfikiria mtoto, akagonga la tatu.

Kila kitu kikasimama. Kisha, taratibu, springi za mbele zikainuka. Sikio alizijua springi. Ziliinuka kama zinavyoinuka mtu mzito anaposhuka.

Ametoka.

Moyo ukamfunguka kwa namna ambayo hakuwahi kuijua. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Akateleza nje, akatoa kichwa juani, kama alivyotoa kichwa mara elfu kwa miaka kumi na moja, na mdomo wake, ambao siku zote ulikuwa na mazoea kuliko akili, ukasema kwa sauti ndogo:

"Ahsante, mke wangu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Akajing'ata ulimi. Akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa upande wa geti, amewapa mgongo, anasoma kwa sauti huku akinyunyiza maji kuelekea barabarani. Hakusikia. Na kabla hofu haijamshika Sikio sawasawa, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa wa nyumba, sauti ya kike ikajibu, ya chini, yenye usingizi:

"Nimefika tayari."

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa. Injinia wake huyo. Hata jini likitolewa lazima atanie. Basi maneno yalikuwa yamemfikia mwenyewe, yamekwenda yalikozoea kwenda, hakuna kilichoharibika. Shangazi alipogeuka na kuuliza, "Umesema kitu?" Sikio alijibu, "Hapana, Shangazi." Alijibu haraka sana.

Kuanzia siku ile kiti kilikuwa cha baridi. Sikio aliweka bushi nyingine mpya, akaliendesha gari juu ya kokoto zote za mji, halikutikisika. Mpima alilichukua kwa shingo upande, na baada ya wiki alileta salamu kwamba linakwenda vizuri na saa yake imeanza kutembea. Chumbani harufu ilikwisha. Injinia alikula, alilala, alinenepa mashavu. Mwezi wa nane wa mimba ukaingia, mtoto akicheza mchana na usiku, na Sikio, ambaye hakuthubutu kununua hata soksi moja kwa zile mimba mbili za mwanzo, alinunua soksi.

Siku ya kwenda kupimwa, kliniki walikuwa wanabadilisha paa. Mafundi wa bati walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa chai, ngazi yao imeegemea ukuta, nyundo zimelala juu ya mabati mapya. Sikio akawasalimia kwa furaha, fundi kwa fundi. Ndani, Injinia akapanda kitanda cha chuma chenye magurudumu, na nesi, mama mchangamfu mwenye viatu vizito, akaanza kumpapasa tumbo.

"Kichwa kiko chini. Mtoto mkubwa huyu. Anacheza?"

"Anacheza mpaka ananinyima usingizi," Injinia akasema. "Ila ni mtulivu akitaka. Sijui ni tabia ya nani."

"Ya kwako," Sikio akasema. Alikuwa na furaha iliyomlegeza ulimi. "Wewe hata siku ile Shangazi alipokuja, ulikuwa na utani. Nimefika tayari! Nusura nife kwa kicheko."

Injinia akageuza kichwa juu ya mto. "Siku gani?"

"Nilipotoka chini ya gari. Ulinijibu ukiwa ndani."

"Siku ile Shangazi aliniambia nilale, nikalala," Injinia akasema, bado anatabasamu. "Nililala fofofo, baba. Wewe mwenyewe ulikuja kuniamsha. Sikujibu kitu."

Sikio akashika chuma cha kitanda.

Kitanda kikateleza kidogo nesi alipokiegemea. Gurudumu moja lilikuwa linayumba. Bushi yake imekufa, Sikio aliliona hilo hata katika hali ile. "Hiki nacho," nesi akasema, akakanyaga kizuizi cha gurudumu kwa kisigino.

Ngo.

Tumbo la Injinia likaenda kushoto. Likaenda lote, taratibu, kwa ulaini, likajikusanya upande mmoja likabaki hapo.

"Haya mwone!" Nesi akacheka. "Anasikia huyu!" Kizuizi hakikushika. Akakipiga tena, haraka haraka. Ngo, ngo.

Tumbo likavuka likaenda kulia.

Injinia alikuwa anacheka na machozi ya furaha. "Mwone, mume wangu. Mwone mtoto wako." Na kutoka kwenye shuka, kutoka kwake, ikapanda harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Hiki kitanda ndivyo kilivyo," nesi akasema, akiinua mguu. "Mpaka ukipige matatu ndiyo kinatulia."

Sikio hakukumbuka baadaye alivyofika sakafuni. Alikuwa chini ya kitanda, chali, kama alivyolala chini ya magari yote ya maisha yake, mikono miwili imelikumbatia gurudumu, na kiatu cha nesi kikamtua juu ya vidole badala ya chuma. Kiliuma. Hakupiga kelele.

"Usigonge, dada," alisema. "Nakuomba. Nitalishika mimi."

"Baba, una nini?" Sauti ya Injinia ilikuwa imebadilika. "Toka huko, unanitisha."

Alikuwa anahesabu: moja, mawili, na mawili hayo yalikuwa bado hewani, yanangoja mwenzao. Matatu ilikuwa ni kusimama, kama ile injini, kama ile saa. Juu yake, kupitia godoro, alisikia mtu akipumua kwa kungoja, pumzi fupi za mtu anayetaka kufanya vizuri. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwaona mafundi wa bati. Walikuwa wamemaliza chai, na mmoja wao alikuwa anapanda ngazi, nyundo mkononi.